Kioo cha tachi hakihitaji nguvu: yanayosemwa na ukweli wake

"Kikigoma, kandamiza." Kwenye simu za sasa nguvu haipimwi. Ndani ya kioo kuna tabaka jembamba lisiloonekana, kwa kawaida oksidi ya indiamu na bati, lililochorwa mistari inayokatizana kama wavu. Simu inapima chaji ya umeme kwenye kila makutano, mara nyingi kwa sekunde. Mwili wako una maji na chumvi, kwa hiyo unapitisha umeme. Kidole kikifika kinabadilisha chaji ya pale, na simu inajua umegusa wapi. Ukikandamiza, ngozi inatandazika na kugusa eneo kubwa zaidi, ndiyo maana mtu anaona kama nguvu imesaidia.

Jambo hili ni zito kwa wakulima na mafundi ujenzi. Ncha ya kidole yenye sugu kavu inapitisha umeme kwa shida, halafu mzee anaambiwa hajui kutumia simu. Si haki hata kidogo. Alowanishe kidole kidogo au agusie ubapa wake, na kama simu ina sehemu ya kuongeza wepesi wa mguso, aiwashe.

"Kinahisi joto." Chukua ndizi iliyolala kwenye friji, gusa nayo kioo: kitaitika. Kalamu ya plastiki iliyoanikwa juani haitafanya kitu.

"Kikijibonyeza chenyewe, simu ina virusi." Kama inatokea wakati wa kuchaji tu, shuku chaja kwanza. Chaja mbovu inaingiza umeme wenye vurugu unaochanganya vipimo. Chomoa, jaribu nyingine, kabla hujalipia kioo kipya.

"Tachi zote ni moja." Kuna aina ya zamani, bado iko kwenye baadhi ya mashine za malipo, yenye matabaka mawili yanayogusana ukibonyeza. Hiyo kweli inataka nguvu, na inakubali hata kalamu au glavu.

"Apple ndiyo iliyobuni, mwaka 2007." E. A. Johnson wa Uingereza aliandika kuhusu kioo cha kugusa mwaka 1965, akilenga waongozaji wa ndege. Miaka ya 1970 CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, walikitumia kuendeshea mtambo wao wa kukimbiza chembe ndogo za atomu, na IBM waliuza Simon, simu ya mkononi ya kugusa, mwaka 1994.