Kaktasi inayosinyaa wakati wa baridi haina kiu

Katika bustani ya mimea ya jangwani ninayoitunza mjini Denver, kila Januari wageni huniuliza kwa nini kaktasi fulani imesinyaa na kulala chini kana kwamba imesahauliwa. Wanayoionyesha ni Echinocereus triglochidiatus, ambayo tangu mwaka 2014 ni kaktasi rasmi ya jimbo la Colorado, na ambayo kwa miiba yake ilipewa jina linalotokana na neno la Kigiriki la kalunguyeye.

Mmea huu huanza na shina moja nene, kisha huchipua mengine chini ubavuni, polepole mno, hadi baada ya miaka mingi likawa tuta la makumi, na mara nyingine mamia, ya mashina yaliyobanana. Porini hupenda nyufa za miamba, kuanzia Utah hadi New Mexico, mahali ambapo maji ya mvua hayatuami. Matumba yake hupasua ngozi ya shina kutoka ndani na kuacha kovu, na maua mekundu yanayofunguka hukaa wazi siku kadhaa, usiku na mchana, yakichavushwa na ndege wavumaji wa Amerika, ambao kwa kupenda kwao mbochi wangetukumbusha chozi wa kwetu.

Kusinyaa ni kinga. Baridi inapokaribia, kaktasi hupunguza maji mwilini ili utomvu uliobaki uwe mzito na usigande upesi, kwa hiyo anayemwagilia wakati huo huivunjia kinga hiyo. Nasema hivyo kwa uchungu, kwani Februari moja yenye jua la kudanganya niliwahi kulimwagilia tuta la mashina zaidi ya thelathini, nalo likaoza kuanzia katikati, ambako hewa haipenyi.

Udongo wangu siku hizi ni changarawe na mchanga mkavu wenye chembe kubwa, pamoja na mboji kidogo tu. Namwagilia mashina yanapoanza kujaa tena baada ya baridi kupita, na sirudii mpaka udongo ukauke kabisa. Anayetumia chungu achague kipana chenye matundu, asiweke kisahani chini yake. Pwani yenye joto na unyevu sishauri kuipanda, kwa sababu bila majira ya baridi kavu haichanui vizuri. Anayetaka kuigawa akate shina la pembeni kwa kisu safi, aliache kivulini kidonda kikauke wiki moja au mbili, ndipo alipande.