Lettow-Vorbeck: stori za vijiweni Iringa na ukweli wenyewe

Huku kwetu ukitaja Mjerumani watu wanachanganya madawa kweli kweli. Kubwa kuliko zote ni kwamba Lettow-Vorbeck, yule kamanda wa jeshi la Mjerumani huku Afrika Mashariki wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ndo alimpiga Mkwawa, mtemi wa Wahehe. Jamani! Mkwawa kajiua Julai 1898, huyu jamaa kaja Januari 1914, na walioiteka Kalenga, ngome ya Mkwawa, mwaka 1894 walikuwa kina gavana von Schele.

Ya pili, eti alikuwa mtu wa Hitler. Hapana, ila msimfanye malaika. Baada ya vita alishiriki jaribio la mapinduzi la Machi 1920, likafeli akapoteza kazi ya jeshi, 1928 mpaka 1930 akawa mbunge wa chama cha mrengo wa kulia, na baadaye Hitler alipompa ofa ya ubalozi London akaikataa. Lakini huyuhuyu 1904 alikuwa Namibia chini ya Jenerali von Trotha, Waherero wanamalizwa.

Sasa hii ya "hakuwahi kushindwa" ndo inaniudhi, maana imeandikwa sana hadi watu wazima wanaimeza. Novemba 1917 alisukumwa nje ya koloni lake mwenyewe, akavuka Ruvuma kwenda Msumbiji, akarudi mwaka uliofuata kupitia Songea na Njombe anakimbizwa, huku Iringa iko mikononi mwa Waingereza tangu Agosti 1916, pale Ubena akamwacha jenerali wake Wahle mgonjwa akasonga mbele. Hawakumkamata, hilo tumpe, alikuwa mjanja, ila kukimbia bila kukamatwa sio kushinda. Na silaha hakuweka chini hapa kwetu wala tarehe 11 Novemba vita vilipositishwa Ulaya, ni Abercorn, yaani Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, na Wazungu 155 na askari weusi 1,168.

Alipendwa na askari wake? Wapo waliomfuata mpaka mwisho, na 1953 alipotembelea Dar wazee walijitokeza kumpokea. Lakini wengi walitoroka njiani, na mbona hatuulizi wapagazi? Jeshi lile halikuwa na meli za kuliletea chakula mara kwa mara, lilikula mahindi na ng'ombe wa wanavijiji, vijana wanakamatwa kubebeshwa mizigo, wanakufa njaa na magonjwa kuliko hata askari wa risasi, na upande wa Waingereza mambo yalikuwa hivyohivyo. Majina yao mengi hakuna aliyeyaandika.

Halafu wachimba dhahabu ya Mjerumani, mnaoamini aliizika huku, na nyie. Sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye tembo zilikuwepo kweli, zilitengenezwa Tabora 1916. Ila huyu mtu alisalimu amri akidaiwa mishahara na askari wake, akawapa vyeti vya deni badala ya hela, mpaka 1964, mwaka aliokufa, ndo bunge la Ujerumani Magharibi likakubali kuwalipa waliobaki hai. Angekuwa na masanduku ya dhahabu si angewalipa palepale? Mnachimba nini huko Njombe?