Asetoni kwenye modeli, asetoni kwenye picha ya zamani

Juu ya meza yangu ya kazi kuna chupa mbili za asetoni, kimiminika kile ambacho mara nyingi hutolea rangi ya kucha. Moja ni ya modeli za plastiki, ndege na meli ndogo ninazounganisha. Nyingine ni ya picha za zamani ambazo familia huniletea nitoe madoa. Kilichomo ndani ni kitu kile kile. Mteja akiniona nachovya brashi anashtuka, na ana haki ya kushtuka: kitu kinachoyeyusha bawa la ndege kinasogezwaje karibu na picha ya harusi ya mwaka 1958?

Kinasogezwa kwa sababu hakuna kiyeyushi kinachoyeyusha kila kitu. Kila kimoja kina vitu kinavyoviingia na vitu kisivyoviweza. Asetoni inaingia kwenye plastiki ya modeli mara moja. Kwenye picha ya rangi nyeusi na nyeupe ya studio, sura ya mtu ni chembechembe za madini ya fedha zilizoshikwa ndani ya utando wa jelatini, ute uliokaushwa unaotokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na jelatini haiyeyuki kwenye asetoni. Inachoogopa jelatini ni maji. Inayanywa, inavimba, inalainika, na kwenye joto la pwani inaweza kuteleza kutoka kwenye karatasi. Kwa hiyo maji ya bomba, ambayo naoshea modeli bila wasiwasi wowote, ndiyo yanayoweza kufuta sura ya marehemu babu. Ukilielewa hilo, nusu ya kazi umeshaijua.

Nianze na plastiki, maana huko mambo yanaonekana kwa macho. Modeli nyingi za kununua dukani zimetengenezwa kwa polistairini. Ukiitazama kikemia, ni minyororo mirefu ya molekuli iliyojifungafunga ovyo. Gundi ya modeli haikai katikati ya vipande viwili ikavishikilia. Inalainisha uso wa kila kipande, minyororo ya huku inaingiliana na ya kule, halafu kiyeyushi kinapaa hewani. Kinachobaki ni plastiki tupu, kipande kimoja pale palipokuwa na viwili. Fundi bomba anafanya hivyo hivyo anapopaka gundi kwenye bomba la PVC, isipokuwa yeye anahitaji viyeyushi vingine, hasa tetrahidrofurani na MEK (methili ethili ketoni), kwa sababu plastiki yake ni nyingine.

Gundi nzito ya tyubu huwa ni polistairini iliyokwisha kuyeyushwa, zamani mara nyingi kwa toluini. Mimi napenda ile nyepesi kama maji, ambayo kwa kawaida ni asetoni iliyochanganywa na butili asetati. Unavishika vipande viwili vikiwa vimekutana vizuri, unagusa mpaka wao kwa ncha ya brashi, na kimiminika kinakimbia chenyewe ndani ya ufa mpaka mwisho wa mshono. Unasubiri kidogo, kisha unabonyeza taratibu. Plastiki iliyolainika inatokeza juu ya mshono kama uzi mwembamba unaong'aa. Usiufute. Uache ukauke hadi kesho yake, kisha ukwangue kwa wembe na kupiga msasa, na mshono utapotea kabisa. Ukiufuta ukiwa mbichi, utaburuta plastiki laini na kuacha alama ambayo hata rangi haitaificha.

Huku pwani kuna jambo ambalo maelekezo ya kwenye boksi hayalisemi. Asetoni inachemka kwenye nyuzi 56 za sentigredi, ethili asetati 77, MEK 80, toluini 111, butili asetati 126. Namba hizo zinakupa picha ya jinsi kila kimoja kinavyowahi kupaa. Mchana wa Dar es Salaam, asetoni tupu inakauka kwenye brashi kabla hujafika kwenye mshono. Tena inapopaa kwa kasi hiyo inapoza uso ilipokuwa, na hewa yetu iliyojaa unyevu inatua hapo hapo kama umande. Plastiki inabaki na ukungu mweupe. Ndiyo maana nachagua mchanganyiko unaopaa polepole, na kazi nyeti naifanya asubuhi mapema.

Plastiki ya ndoo na vifuniko vya chupa, yaani polithini na polipropilini, haiungwi kwa njia hii hata ungeipaka siku nzima. Minyororo yake imejipanga kwa mshikamano ambao viyeyushi hivi haviupenyi kwenye joto la kawaida. Ndiyo sababu asetoni yenyewe inauzwa kwenye chupa za plastiki hiyo. Lakini angalia fremu za picha za bei nafuu: kile kinachoitwa kioo mara nyingi ni karatasi ngumu ya polistairini. Watu wananunua fremu, wanaona mabaki ya stika ya bei, wanasugua kwa dawa ya kutolea rangi ya kucha, ambayo mara nyingi ni asetoni. Sekunde chache tu, "kioo" kinakuwa cheupe na kinanata, na kama picha ilikuwa imeshaingizwa nyuma yake, inanata pia. Gonga kwanza kwa kucha. Kioo cha kweli kina mlio na ubaridi. Plastiki ina sauti butu.

Sasa selotepu, adui wa picha ninayekutana naye kuliko mwingine yeyote. Selotepu ya kwanza angavu ilitolewa na kampuni ya 3M ya Marekani mwaka 1930, kazi ya Richard Drew. Utando wake ulikuwa selofani, na gundi yake ya mpira. Gundi hiyo ina maisha yake. Mwanzoni inanata juu ya karatasi tu na inatoka bila ubishi. Miaka inavyopita hewa inaibadilisha: inageuka njano, inakuwa laini na yenye mafuta, inazama ndani ya karatasi mpaka karatasi inapitisha mwanga. Mwishoni inakauka, utando unadondoka wenyewe, na doa la kahawia linabaki ndani ya nyuzi. Wakati huo molekuli zake zimeshafungamana zenyewe kwa zenyewe, na viyeyushi vinaweza kuilainisha kidogo tu au visiifanye chochote.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mteja huwa "hii selotepu ni ya lini?", kwa sababu umri ndio unaochagua dawa. Gundi changa naitoa kwa mkono: naviringisha juu yake kipande cha mpira wa krepi, ule wa soli za viatu, na inang'oka kwa vijipande. Mabaki yanatoka kwa hidrokaboni nyepesi, vimiminika vya jamii ya petroli, kama heptani. Ikishafika hatua ya mafuta, ndipo zinahitajika asetoni, ethili asetati, pengine toluini, zile zile za upande wa modeli.

Lazima pia ujue utando ni wa aina gani. Selofani haijali asetoni. Lakini kuanzia mwaka 1961 ilikuja selotepu isiyong'aa, yenye utando wa selulosi asetati, na huo unayeyuka kwenye asetoni. Ukiidondoshea kwa haraka utapata ute unaonata juu ya picha, nao ni mgumu kuutoa kuliko selotepu yenyewe. Utando huo unatolewa kwanza, kwa kisu chembamba butu kilichopashwa moto kidogo, milimita kwa milimita, ukikilaza karibu sambamba na karatasi.

Kabla ya tone la kwanza najaribu kila kitu kilichopo juu ya picha, upande wa mbele na wa nyuma. Jelatini haidhuriki na asetoni, lakini jirani zake wanadhurika. Muhuri wa studio nyuma ya picha, jina lililoandikwa kwa kalamu ya wino, rangi ya mashavu na ya kanga iliyopakwa kwa mkono: vyote hivyo vinaweza kukimbia. Naweka tone dogo kabisa kwenye kona ya herufi moja, nabonyeza karatasi nyeupe ya kunyonya, kisha naitazama kwa lenzi. Ikionekana rangi hata kidogo, kiyeyushi hicho kwangu kimekufa. Muhuri wa studio ni sehemu ya picha. Studio kama Capital Art Studio ya Unguja, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, zimetunza sura za mji mzima, na mara nyingi muhuri wa nyuma ndio unaoiambia familia picha ilipigwa wapi. Kati ya muhuri na usafi, nachagua muhuri.

Doa likiwa limeruhusiwa, kazi ni hivi. Picha inalala kifudifudi juu ya karatasi safi. Nadondosha tone moja kwenye doa kwa brashi ndogo, na papo hapo naweka juu yake kipande cha karatasi ya kunyonya na kubonyeza kwa kidole. Nikikiinua kina duara la njano. Nahamia sehemu safi ya karatasi, tone jingine, bonyeza tena. Duara linafifia polepole. Siri iko kwenye kule kuwahi kubonyeza: tone likiachwa likauke lenyewe, linasukuma uchafu hadi ukingoni na kuacha pete ya kahawia iliyo mbaya kuliko doa la awali. Sisugui kamwe. Karatasi iliyozeeka inachubuka, na mchubuko hauna dawa.

Wapo wanaouliza kuhusu jiki. Jawabu langu ni hapana, na sitalilainisha. Jiki inashambulia jelatini, na ile fedha iliyochora sura inaigeuza kuwa chumvi nyeupe isiyoonekana. Doa litatoka pamoja na mtu aliyepigwa picha. Hata kwenye karatasi isiyo na jelatini inakata nyuzi za selulosi, na uzuri wa siku ile unalipiwa na karatasi kuwa dhaifu na kurudia njano baadaye.

Ukungu nao usipelekwe kwenye maji. Kuvu wanakula jelatini. Vimeng'enya vyao vinaivunjavunja mpaka inakuwa kitu kinachoyeyuka hata kwenye maji baridi, na mtu anayepangusa picha yenye ukungu kwa kitambaa kibichi anapangusa sura yenyewe. Ianike kwanza penye kivuli na hewa inayotembea. Vumbi la ukungu likikauka kabisa, liondoe kwa brashi laini ukiwa nje, umevaa barakoa. Kisha itunze mahali ambapo unyevu wa hewa hauzidi asilimia 65. Najua kwa pwani hilo ni zito. Kabati lisilogusa ukuta wa nje, na boksi la karatasi badala ya mfuko wa plastiki, vinasaidia sana.

Michoro ya kuchapwa ni habari nyingine. Naletewa kurasa za magazeti ya picha ya London ya karne ya 19, zenye bandari ya Unguja au ngome ya Mombasa, zikiwa na madoadoa ya kahawia kama kutu. Wino wa hapo ni masizi yaliyochanganywa na mafuta ya kitani yaliyokauka zamani, na hauogopi maji safi. Hapa maji ndiyo dawa yangu: naulaza mchoro kwenye trei ya maji yenye kalsiamu kidogo, na maji yanageuka rangi ya chai kadiri asidi ya karatasi inavyotoka. Lakini mchoro ukiwa umepakwa rangi za maji kwa mkono, bafu hilo limefungwa. Na doadoa moja moja lenye chembe ya chuma ndani yake halitatoka, nami silifukuzi.

Palipochanika pazibwe kwa gundi ya wanga wa ngano na karatasi nyembamba ya Kijapani. Mchoro unakubali gundi hiyo kwa urahisi. Nyuma ya picha ya jelatini naipaka kavukavu, kidogo sana, kwa sababu ni ya maji. Hapa picha na modeli zinaachana kabisa. Bawa la ndege nataka lisitoke tena maishani. Kiraka cha picha lazima fundi atakayekuja baada yangu aweze kukitoa bila kuiumiza, maana huenda atakuwa na dawa ambayo mimi sina. Supagluu, gundi nyeupe ya mbao na selotepu nyingine "ya kisasa" zinamnyima nafasi hiyo.

Kuhusu afya ni kwa uzito wote. Toluini inaharibu ubongo na neva. Ni mojawapo ya viyeyushi vilivyomo kwenye gundi za viatu ambazo watoto wa mitaani wa Nairobi na Dar wamekuwa wakizinusa, na tumeona inavyowafanya. Diklorometheni, iliyokuwa ikisifiwa kwa kuunga plastiki, Marekani iliamua mwaka 2024 kupiga marufuku matumizi yake mengi, kwa sababu imeua watu ndani ya vyumba vilivyofungwa. Fungua madirisha pande mbili, funga chupa kila baada ya tone, na usifanye kazi hii penye jiko la mkaa au la gesi. Mvuke wa asetoni unashika moto hata kwenye baridi ya friji, na ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo unatambaa sakafuni hadi kwenye moto ulio mbali na wewe.

Iko kesi moja ambayo hakuna kiyeyushi kinachoifaa, nayo inaletwa kila msimu wa masika: picha iliyogandana na kioo cha fremu. Jelatini imevimba kwa unyevu, ikanata, ikakauka ikiwa imeshika kioo. Usiivute, usiilowanishe, usiipitishie wembe. Safisha kioo kwa nje, iskani kupitia kioo hicho hicho ili sura iwe imeokolewa kwanza, kisha ilete kwa fundi ikiwa na fremu yake. Ukiitia picha nyingine kwenye fremu, weka ukingo wa kadibodi isiyo na asidi kati ya picha na kioo, milimita 2 au 3 zinatosha.