Maana ya Kukagua kama Thamani Imo Ndani ya Mkusanyiko

Kukagua kama thamani imo ni kuiuliza programu swali moja: je, thamani hii imo ndani ya mkusanyiko huu, au haimo? Mkusanyiko unaweza kuwa orodha, seti (isiyorudia thamani) au kamusi ya data (yenye funguo, kila mmoja na thamani yake), na jibu huwa kweli au si kweli, bila kutaja thamani hiyo imekaa nafasi ya ngapi wala imejirudia mara ngapi. Katika lugha ya programu ya Python swali hili huandikwa kwa neno in; katika lugha ya JavaScript, safu, yaani orodha yake, huulizwa kwa includes.

Nyuma ya neno hilo fupi kuna kazi ambayo kila anayeanza anapaswa kuiandika mwenyewe angalau mara moja. Programu hukilinganisha kipengele cha kwanza cha orodha na thamani inayotafutwa, na visipolingana huendelea na kinachofuata. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea, kwa kuandika ndani ya kitanzi, yaani sehemu ya programu inayorudiwa kwa kila kipengele, kwamba vikilingana irudishwe kweli, na visipolingana irudishwe si kweli. Programu ya namna hiyo hukagua kipengele cha kwanza tu na kuishia hapo, kwa kuwa kurudisha jibu huimaliza kazi. Majibu haya mawili hayapatikani kwa njia moja: ili kusema “imo” inatosha kuiona thamani mara moja, lakini ili kusema “haimo” ni lazima orodha yote iwe imepitiwa, na kwa sababu hiyo amri ya kurudisha si kweli hukaa nje ya kitanzi, baada ya kipengele cha mwisho.

Kwa hiyo orodha ya vipengele 1,000,000 isiyo na thamani hiyo hudai milinganisho 1,000,000. Ikiwa imepangwa kwa mfuatano, kuigawa nusu kwa nusu hutoa jibu kwa hatua zipatazo 20. Seti ya Python hukokotoa kutokana na thamani yenyewe mahali ambapo ingepaswa kukaa, ikatazama hapo, na ndiyo maana kwa kawaida haichelewi hata ikiwa kubwa.

Bado inabaki kujua lugha inahesabu nini kuwa “sawa”. Katika Python na JavaScript, kwa maulizo haya, namba 5 na maandishi "5" ni vitu viwili tofauti, kwa hiyo kimojawapo hakionekani katika orodha yenye kingine, ilhali Python huziona 1 na 1.0 kuwa sawa. Kamusi nayo, ikiulizwa kwa in, hutazama funguo zake peke yake. Anayetafuta thamani zilizofungwa kwa funguo hizo hana budi kuziomba waziwazi.