Mtaro wa Mbele ya Nyumba na Afya Yetu: Maswali na Majibu

Kila masika yanapokaribia hapa Dar es Salaam, maswali kuhusu mitaro ya barabarani huwa ni yale yale.

Mtaro wetu una maji mwezi mzima. Ndiyo yanayotuletea malaria?

Inawezekana. Kazi ya mtaro ni kupitisha maji ya mvua, si kuyatunza. Yakituama, yai huwa mbu kamili kwa wiki moja au mbili tu. Mbu wa malaria hupendelea maji masafi yanayopigwa jua. Yale meusi yanayonuka huzaa mbu aina ya Culex, ambaye mijini kwetu ndiye mwenezaji mkuu wa matende na mabusha. Chota kwa kikombe cheupe: ukiona vijidudu vinajinyonganyonga, ni viluwiluwi hao. Mbu wa dengi mtafute kwenye matairi, ndoo na vifuu.

Tunazibua kila mwaka, mbona unaziba tena?

Tope mnalitupa wapi? Mara nyingi linapigwa chepe na kulundikwa pale pale ukingoni, na mvua ya kwanza inalirudisha lote. Lizolewe siku hiyo hiyo. Tena anzeni chini, kule maji yanakoishia, mpande juu. Mkianzia juu, mnamsukumia jirani taka zenu.

Jirani anatapisha choo mvua ikinyesha. Maji si yanakwenda zake?

Hayaendi mbali, na hili linaniuma kuliko yote. Mabomba mengi ya mitaani yamepita ndani ya mitaro hiyo hiyo. Maji yakikatika, bomba lenye ufa hufyonza uchafu ulio nje, na yakirudi mnaufungulia jikoni. Visima vifupi navyo havisalimiki. Kipindupindu husambaa hivyo. Chemsheni maji ya kunywa hata kama ni ya bomba. Mtu akiharisha choo cha majimaji kama maji ya mchele, mpeni ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji safi) papo hapo huku mkimpeleka kituo cha afya, msingoje kupambazuke. Kuhusu huyo jirani, ongeeni naye sasa, jua likiwa bado linawaka, na mjumbe awepo.

Mtoto wangu amecheza mtaroni pekupeku. Niangalie nini?

Mwogeshe kwa sabuni, safisha michubuko yote. Mkojo wa panya ukichanganyika na maji hayo huleta homa ya mgunda, iliyoua watu mkoani Lindi mwaka 2022. Ndani ya mwezi mmoja akipata homa, maumivu ya vigimbi na macho mekundu, mwambie daktari kwamba alicheza mtaroni. Asipoambiwa, anaweza kupima malaria tu.