Elimu kwa umma: "Siguro" si "hakika"

Kila Agosti Ufilipino huadhimisha Mwezi wa Lugha, nasi wa kitengo cha tafsiri tunarudia kauli yetu: Kitagalogi, lugha ya Ufilipino, si Kihispania. Wanaotuletea hati zilizotafsiriwa na "mtu anayejua Kihispania" hawana nia mbaya. Hati zinarudishwa vilevile.

Wahispania walitawala kuanzia 1565 hadi 1898 na kuacha maelfu ya maneno, lakini mengi yalibadilika tabia. Seguro kwa Kihispania ni "hakika". Siguro kwa Kitagalogi ni "labda". Shahidi akisema "Siguro siya iyon", amesema "Labda ni yeye". Mkalimani akitamka "Hakika ni yeye", ushahidi umegeuka. Siempre nayo ni "daima", ila siyempre ya Manila ni "bila shaka". Sapatos ilichukuliwa na wingi wake, hivyo hata kiatu kimoja ni sapatos. (Meza yetu tuliipata kwa Wareno, Wafilipino kwa Wahispania; wana mesa na pia lamesa, iliyobeba hadi la, kineno cha Kihispania kinachotangulia nomino.)

Kosa linalorudisha hati nyingi ni saa. Mayai mawili ni dalawang itlog, kwa namba ya asili, lakini saa hutajwa kwa namba za Kihispania: alas-dos. "Alas-dos ng hapon" ni saa nane mchana, si saa mbili! Kwanza tazama neno linalofuata: umaga ni asubuhi, hapon ni mchana hadi jioni, gabi ni usiku. Kisha toa sita. Namba ikiwa sita au pungufu, ongeza sita. Mwisho andika saa hiyo kwa mfumo wa saa 24 kwenye mabano, hapa 14:00. Saa moja tu isiyogeuzwa hurudisha hati nzima, na ada hulipwa upya.

Majina ya ukoo kama Reyes hayathibitishi damu ya Kihispania. Mwaka 1849 Gavana Narciso Clavería aliamuru koo zigawiwe majina kutoka kwenye orodha. Tusiulizwe tena.

Hati ya Chavacano, lugha ya Zamboanga kusini mwa Ufilipino, ina mfasiri wake. Maneno mengi ni ya Kihispania, lakini kitenzi hakibadiliki; wakati huonyeshwa na neno linalotangulia: ya come, alikula; ta come, anakula; ay come, atakula. Mswahili aangalie hiyo ta: ni ya sasa, si ya wakati ujao kama yetu.