Bustani ya botaniki ni nini, na kwa nini paki haitoshi

Mwezi wa kumi, barabara za Lubumbashi hujaa zambarau ya jakaranda. Mti huo ulitoka Amerika ya Kusini na tumeuzoea hata tunauita wetu. Lakini hata ukiwa na jakaranda elfu moja zilizopangwa mstari, bado huna bustani ya botaniki. Kinachoifanya bustani iwe ya botaniki ni daftari: kila mmea ulio hai uwe na namba, jina la kitaalamu, mahali ulipochumwa, tarehe, na jina la aliyeuchuma. Daftari likipotea, inabaki paki ya kupumzikia Jumapili.

Padua, Italia, bustani ya chuo ilianzishwa mwaka 1545 ili wanafunzi wa tiba wajifunze kutambua mimea ya dawa, maana kukosea jani ni kumuua mgonjwa. Wakati wa ukoloni kazi ikageuka, bustani zikawa njia ya kuhamisha mazao. Mwaka 1876 Henry Wickham alitoa Brazil mbegu za mpira zipatazo 70,000 na kuzipeleka bustani ya botaniki ya Kew, London. Zilizoota hazikufika 3,000. Mbegu ya mpira haivumilii kukaushwa, na hufa baada ya majuma machache. Miche hiyo michache ndiyo iliyopelekwa Asia.

Kwetu Kongo kuna bustani ya Kisantu, aliyoianzisha Frère Gillet, Mjesuiti, na Eala karibu na Mbandaka, iliyoanzishwa mwaka 1900. Eala kulikuwa na mchikichi ulioitwa Djongo. Mwaka 1922 mbegu zake zilipelekwa kituo cha utafiti cha Yangambi, na huko watafiti wakagundua kwamba tenera, chikichi lenye ganda jembamba na nyama nyingi, ni mtoto wa dura yenye ganda nene na pisifera isiyo na ganda. Ugunduzi huo ulihitaji kujua mama wa kila mti. Mchikichi usio na kumbukumbu ungetoa mawese tu.

Huku Katanga, utajiri wa kutunzwa uko kwenye vilima vya shaba. Udongo wake una shaba ya kuua mimea mingi, ndiyo maana utaona kilima cha nyasi na maua katikati ya msitu wa miombo. Aina zaidi ya 30 za mimea hazijulikani kuota popote pengine. Haumaniastrum katangense, ua la shaba, ni ndugu wa rehani, na maua yake ya zambarau yamesongamana juu ya bua. Huota hata juu ya mabaki ya matanuru ya wafua shaba wa kale, kwa hiyo wanaakiolojia hulifuata kuyatafuta. Ajabu yake ni kwamba linaweza kuishi kwenye udongo wa kawaida, ila huko ukungu hulishambulia. Shaba ndiyo inayolikinga. Mgodi ukifika, kilima chote huondoka pamoja na mimea yake. Mbegu zichukuliwe kabla ya tingatinga. Baada yake hakuna cha kuchukua.

Chuma mbegu zilizokomaa kutoka mimea 50 au zaidi ili uzao usiwe wa mama mmoja, na usizidishe sehemu moja ya tano ya mbegu zilizopo siku hiyo. Namba, mfano 2024-0017, iandikwe kwa penseli juu ya mfuko na kwenye karatasi iliyo ndani yake. Wino ukilowa unafutika. Kata pia tawi lenye ua au tunda, libane kati ya magazeti, na ubadilishe magazeti kila siku mwanzoni, la sivyo majani yatakuwa meusi. Kielelezo hicho kikavu ndicho kitakachomwezesha mtaalamu kusahihisha jina hata miaka 100 baadaye.

Mbegu nyingi za mimea ya vilima hivi hukaushwa kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 15, kisha hufungwa na kugandishwa kwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Kwa umeme wetu unaokatika, kilicho muhimu zaidi ni ukavu: chupa isiyopitisha hewa, yenye silika jeli (punje zinazofyonza unyevu) ndani, huokoa mbegu kuliko friji yenye unyevu.

Kitalu cha mimea ya shaba kitengwe kabisa. Udongo wake usichanganyike na wa lengalenga, maana mboga hufyonza metali na mtu atazila. Mimea ya vilima viwili tofauti isipandwe jirani: nyuki watachanganya chavua, na namba kwenye daftari itasema uongo.

Kibao cha namba ya mmea kiwe cha alumini, kilichochorwa kwa kugandamiza. Kwenye mti, kifunge kwa waya wenye springi, kwa sababu shina hunenepa, na kibao kilichopigiliwa kwa nguvu humezwa na gome, namba na yote.